Nyuzinyuzi

Bi Zuwena alilitua kopo juu ya meza ya cherehani,
kati ya mkasi na chaki.
"Nyuzinyuzi," akasema. Nikacheka.
Miaka ishirini na sita hapa Barani nashinda na nyuzi,
leo naletewa za kunywa.

Kijiko kimoja, bilauri mbili za maji, kabla ya wali.
Zinavimba tumboni, zinanasa mafuta, zinafagia sukari,
zinashusha presha, zinalainisha ngozi,
zinarudisha usingizi na, kwa sauti ya chini, mume.
Kilo saba kwa mwezi bila kuacha mahamri.
Shilingi elfu tatu na mia nne.

Kitambaa kinachosifiwa kuwa kinafaa
kanzu, pazia, tandiko na sanda
mimi hukivuta kwanza pembeni,
nisikie kama kinalia.

Sikubishana. Nina tepu, nina daftari,
na viuno vya nusu ya Malindi vimo humo kwa penseli.

Kadzo wa ofisi ya ardhi: kapungua inchi moja na nusu.
Ni kopo, akasema, shahidi ni sketi.
Nikatazama viatu vyake, vumbi hadi kifundoni.
Nauli ya tuktuk ndiyo iliyonunua kopo;
sasa anakuja kazini kwa miguu kutoka Muyeye.
Mwanakombo: hakuna, ila tumbo lilinguruma
katikati ya dua, na waliokuwepo wakaitikia amina.
Swafiya: robo inchi. Lakini tepu yangu ni ya zamani,
nimeilaza kwenye rula ya chuma,
imerefuka kwa robo hiyo hiyo.
Wa nne aliacha wiki ya pili, kwa kuvimbiwa.
"Huyo usimhesabu," akasema Bi Zuwena, "hakumaliza."
Nikamhesabu.

Kahindi muuguzi alikuja kupunguza suruali,
akaligeuza kopo, akasoma maandishi ya mgongoni,
madogo kama chawa kwenye mshono:
"Pamoja na mlo mdogo na mazoezi."
Basi nani anayefanya kazi, nikamuuliza,
kopo, au "pamoja"?
Akacheka, lakini hakulitupa.
Si uongo mtupu, akasema. Nyuzi hushibisha kidogo,
choo huwa chepesi. Ila bila maji ya kutosha hukaba,
na anayemeza dawa aulize kwanza.
Kilo saba? Hilo lataka watu wengi,
nusu wanywe hili, nusu wanywe unga wa bure unaofanana,
na asiyeuza ndiye apime.
Kisha akauliza bakuli la mbaazi kwa Mama Dzame
siku hizi ni bei gani.

Asiyeuza ndiye apime.
Nikajidunga sindano kidoleni.
Maana kopo moja lipo kwangu, nyuma ya majora ya kitambaa,
nalinywa kwa siri tangu Rajabu;
binti yangu anaolewa, na picha hazina huruma.
Kila alfajiri nilijipima, kila alfajiri nikapungua.
Mkono unaotaka jambo huvuta tepu.

Nikamwita Sidi, mwanagenzi, ana wiki tatu tu dukani.
Sikumwambia natafuta nini.
Nikainua mikono, nikatazama ukuta,
yeye akazungusha tepu mpya, polepole, bila hamu yoyote,
akasoma nambari.
Ile ile ya Rajabu.

Bi Zuwena ana makatoni saba uvunguni, ya mkopo wa chama.
Hilo pia nalijua,
sijui tu niliandike safu ipi.

Sidi kashika penseli.
"Niandike jina gani?"
"Andika mteja," nikasema,
"na gauni uliachie inchi moja ya kulegeza."